Joto la jua halileti umeme, tuache kudanganyana

Wadau, kuna uongo mmoja unanikera sana kwenye habari za sola: eti paneli hubadili joto la jua kuwa umeme. Waandishi wenzangu tunauandika, wauzaji wanauimba, na mnunuzi anatoa hela yake akiamini kwamba kukiwa na joto zaidi ndivyo betri itakavyojaa. Si kweli!

Kinacholeta umeme ni mwanga. Paneli nyingi ni za silikoni, ambayo ni semikondakta: haipitishi umeme kama shaba, wala haiuzuii kama kioo. Mwanga ukiipiga, elektroni inang'oka na kuacha tundu. Elektroni ya jirani inaziba tundu hilo na kuacha lake, kwa hiyo tundu nalo linatembea. Ni kama benchi la hospitali: kila mgonjwa akisogea mbele, nafasi tupu inarudi nyuma.

Upande mmoja wa silikoni umetiwa fosforasi kidogo, mwingine boroni. Mpakani mwao kuna nguvu inayosukuma elektroni huku na matundu kule. Unganisha waya, elektroni zitapita kwenye taa yako.

Joto linavuruga mpango huo. Silikoni ikichemka, elektroni na matundu mengine yanazaliwa ovyo bila mwanga, uvujaji wa kurudi nyuma mpakani unaongezeka, volti inashuka. Paneli ya kawaida ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi juu ya 25, na hizo 25 ndizo zinazotumika maabara kupima wati zinazoandikwa kwenye lebo. Piga hesabu: paneli ya wati 100 ikifika nyuzi 65, kwa asilimia 0.4, inapoteza wati 16. Na mwanga ni uleule.

Nani anamwambia mnunuzi haya? Fundi anaibana paneli kwenye bati la moto bila nafasi ya upepo kupita chini. Taa zikizimika usiku, lawama zote kwa betri.

Mtu atasema: mbona saa sita mchana ndiyo inatoa umeme mwingi? Ndiyo, kwa sababu mwanga ni mwingi, si kwa sababu bati linaunguza. Vile vya kuchemshia maji juu ya paa vinatumia joto kweli, ila havitoi umeme.

Na tusisingizie kwamba sayansi ni ngumu kwa msomaji. Aliyewahi kukaa kwenye benchi lile la hospitali ameshaelewa nusu ya somo.

Kwa hiyo muuzaji aonyeshe punguzo la joto kando ya wati. Fundi aache nafasi ya hewa. Sisi waandishi tufute neno "joto", tuandike "mwanga". Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na namba.