Koleo Si Ufundi

Katika nchi yetu tumeyapa mabavu jina la heshima: tunayaita ufundi. Mlango ukikwama twaupiga teke, nati ikikataa twaitwanga nyundo, na mwenye misuli akifaulu twamsifu kuwa ni fundi hodari. Akishindwa, twasema kitu kile kilikuwa kimekwisha kufa. Sijapata kusikia mtu akisema kwamba kilichokufa ni subira ya aliyekishika.

Mwenendo huo naupinga, na nitaupinga kwa kutumia kitu kinachoenea kiganjani: lenzi ya kamera ya zamani.

Lenzi hizo bado zimo mjini Dar es Salaam. Zimo katika makabati ya nyumba za Upanga na katika masanduku ya marehemu kule Ilala, na mara nyingine utazikuta zimetandazwa katika vichochoro vya Kariakoo, kati ya chaja za simu na saa zilizosimama. Nyingine zilikuja na kamera za Zenit za Kisovieti, zenye lenzi ya Helios ya milimita 58, ambayo umbo lake lilitokana na Biotar ya Wajerumani wa Carl Zeiss. Nyingine ni za Kijapani. Zote zina adui mmoja, nayo ni hewa yetu. Unyevu wa pwani huotesha kuvu juu ya kioo, na kuvu wakiachwa huila ile rangi nyembamba inayozuia mng'ao. Chumvi nayo huigusa alumini na kuacha unga mweupe ndani ya hesi, yaani ile mizunguko ya skrubu inayoshikanisha pete na mwili wa lenzi. Grisi ya miaka 40 hukauka ikawa kama gundi. Siku utakayotaka kufungua usafishe kuvu, pete haizunguki.

Lenzi ya namna hiyo, iliyokuwa ya mjomba wangu, niliipeleka kwa fundi mmoja karibu na Mtaa wa Msimbazi. Aliigeuza mara moja tu, akachukua koleo. Nikamwambia, "Kaka, ngoja kwanza tuitazame." Akanijibu, "Mzee, hii dawa yake ni nguvu." Akaibana pete, akazungusha, koleo likateleza. Mpaka leo kioo kina mkwaruzo kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, na pete haikusogea hata unywele. Simtaji jina, kwa sababu ugomvi wangu si naye peke yake. Ugomvi wangu ni na fikra iliyomfundisha.

Hebu tuitazame fikra hiyo kwa macho ya akili. Pete ya lenzi ni nyembamba. Ukiibana kwa koleo pande mbili, duara linageuka kuwa yai, na yai haliwezi kuzunguka ndani ya duara. Kadiri unavyokaza mkono ndivyo hesi zinavyozidi kuumana. Basi nguvu ile, mbali ya kushindwa kufungua, ndiyo inayofunga! Fundi anatokwa jasho akipigana na kazi ya mikono yake mwenyewe.

La pili, mara nyingi kitu tunachosema kimekwama hakikukwama hata kidogo. Kimefungwa. Kiwandani hutia skrubu ndogo mno zisizo na kichwa ubavuni mwa pete, wakati mwingine zikifunikwa na rangi, au hudondosha vanishi kwenye hesi ili pete isilegee yenyewe. Asiyetafuta skrubu hiyo kwa kioo cha kukuzia atazungusha mpaka kiama, na kama misuli yake ni mikubwa atavunja hesi zote. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha fundi ni jicho.

Baada ya jicho huja dawa, na dawa nayo ina adabu yake. Tone moja la asetoni kwenye ncha ya sindano, likitiwa katika mstari wa hesi tu, huyeyusha vanishi. Nasema tone, wala si kuloweka. Vioo vingine ndani ya lenzi vimegandishwa viwili viwili, na katika lenzi za zamani gundi yake ni utomvu wa miti ya Kanada, ambao huharibiwa na dawa hizo. Mafuta ya taa, na yale ya kupuliza kwenye kopo, hutambaa mpaka kwenye vile visahani vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, vikagandamana. Lenzi na iinamishwe ili dawa isikimbilie ndani. Kisha ingoje. Ikibidi, rudia kesho.

Joto pia husaidia, kwani hulainisha grisi na vanishi. Lakini asetoni hushika moto upesi. Isitumike karibu na jiko wala sigara, na draya ya saluni isiwashwe mpaka ikauke kabisa. Joto liwe la pole, ambalo mkono unaweza kulivumilia, maana kioo kikipashwa ghafla hupasuka. Tena yafaa kujua kwamba alumini hutanuka kuliko shaba nyeupe na ya njano. Kama alumini iko nje, joto hulegeza. Kama iko ndani, joto hukaza. Je, koleo linajua hayo?

Mwisho ndipo mkono huingia. Kata kipande cha mpira wa tyubu, kibandike kwenye kifuniko kinacholingana na pete kwa upana, kandamiza sawasawa pande zote, zungusha. Kama pete ina vijishimo viwili, bikari ya chuma iliyonolewa ncha na kukazwa isitanuke hufanya kazi, huku kioo kikifunikwa kwa karatasi nene. Kabla ya kutoa chochote, tia alama ya penseli kuonyesha kila kipande kilikaaje. Na kama kioo ni safi na picha inatoka vizuri, iache pete ilale na ukwamo wake. Kujua lini usifungue ni ufundi pia.

Wapo watakaosema kwamba simu imekwisha yamaliza yote hayo. Sikubali. Vijana wa siku hizi wanazifunga lenzi hizi kwenye kamera mpya kwa kipande cha chuma cha kuunganishia, na wanapata picha nzuri. Zaidi ya hayo, tunavyojiona jinsi tulivyokuwa ni kwa sababu watu fulani walitunza vioo vyao. Studio ya Capital Art pale Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930, imetuachia nyuso na mitaa ya vizazi kadhaa. Soko letu la Kariakoo, alilolibuni Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021; atakaye kuliona lilivyokuwa kabla ya moto hana budi kurejea picha.

Wengine watamtetea fundi: ana watoto, ana kodi ya meza, hawezi kukaa siku 3 na lenzi moja. Hapo wamesema kweli, na hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi wateja. Sisi ndio tunaosimama juu ya kichwa chake tukisema, "Naitaka leo jioni." Anayetokwa jasho mbele yetu twamlipa bila kunung'unika, aliyetia tone moja akatuambia turudi keshokutwa twamwona mvivu, tena twataka atupunguzie. Tumenunua nguvu kwa miaka mingi, tukaletewa nguvu. Tukitaka ufundi, tuanze kulipia siku za kungoja. Na fundi atakayetukatalia haraka yetu, huyo tumrudie, tena tumpelekee na jirani.