TUMEMZIKA KWA SABABU YA KICHWA, TUKAMSINDIKIZA VICHWA WAZI!

 Najua mmezoea kuja hapa kuchukua ubuyu wa mastaa wetu wa Kusini, nani kaachana na nani, nani kanunua gari la mkopo anasema kalipa keshi. Leo hakuna ubuyu. Leo nina hasira, naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Wiki iliyopita tumemzika mshikaji wetu. Jina lake silitaji, familia bado iko kwenye matanga. Wa Nachingwea mshamjua. Yule bodaboda aliyekuwa akikupeleka Ruangwa kwenye mechi ya Namungo, anakusubiri mpaka filimbi ya mwisho, anakurudisha usiku na haongezi hata mia.

Hakugongana na lori. Hakuwa amelewa. Alikuwa anatoka Ruangwa jioni, peke yake, mbuzi akakatiza barabara, akashika breki, akadondoka. Kichwa kikapiga chini. Waliokuwepo wanasema aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akacheka, akasema "niko poa". Akawasha chombo akaenda zake nyumbani. Usiku kichwa kikaanza kumuuma, akatapika, akasema wamuache alale kidogo. Asubuhi hakuamka.

Na elementi yake? Ilikuwa imening'inia kwenye kioo cha pikipiki. Haina hata mkwaruzo. Nimeiona kwa macho yangu kwa mama yake, iko juu ya kabati kama imetoka dukani jana. Mwenye nayo yuko chini ya udongo.

Sasa ngoja niwaambie kilichonitoa machozi ya hasira. Siku ya mazishi vijiwe vyote viliungana, pikipiki nyingi mpaka barabara ikajaa vumbi. Umoja mzuri, hilo nawapa. Lakini mimi nilisimama pembeni nikahesabu elementi. Nimeziona tatu. TATU! Mtu kafa kwa kichwa, na nyie mnamsindikiza vichwa wazi, mwingine kasimama juu ya siti, mwingine kanyanyua tairi la mbele, mwingine anapigisha eksozi kama bunduki. Mnamuaga au mnapanga foleni ya kumfuata?

Na mbele ya msafara nani? Staa wetu mmoja, jina kapuni, nyimbo zake mnazijua, zinapigwa kila harusi huku kwetu. Miwani meusi, mikono yote miwili juu, pikipiki inakwenda yenyewe. Klipu imezunguka Nachingwea yote na Ruangwa yote, watoto wa darasa la tano wanaigiza na baiskeli. Kaka yangu, nakuheshimu, na najua ulilia kweli pale makaburini. Ila ile haikuwa heshima kwa marehemu. Wewe una watu nyuma yako wanaokopa hata staili yako ya kunyoa. Siku ukivaa elementi, vijana mia watavaa. Siku ukiachia usukani, vijana mia wataachia.

Najua mtakachoniambia. Nimesikia yote pale msibani, ngoja niyajibu moja moja.

La kwanza: "Siku yako ikifika imefika." Sawa, hakuna anayebisha. Lakini masheikh wetu wanatufundisha mfunge kwanza ngamia wako, halafu ndio umtegemee Mungu. Mbona mlango wa nyumba unafunga usiku? Mbona korosho yako hulali nayo nje ukasema mwizi akiamua ameamua?

La pili: "Joto." Ni kweli, jua la Ruangwa la mwezi wa kumi silitetei. Lakini mtu huyo huyo anavaa jaketi zito asubuhi mpaka jioni kwa sababu ya upepo wa kifua. Kifua mnakionea huruma, kichwa mnakiacha kijitegemee.

La tatu, hili ni la abiria, hasa sisi kina dada: "Nitapata mba, nitaharibu nywele." Hapa nashika adabu, maana na mimi nimo. Mwezi uliopita marehemu alinipa elementi, akaniambia, "Dada, vaa hii." Nilikuwa nimetoka kusuka siku hiyo hiyo. Nikamcheka, nikamwambia mwendo wenyewe huu mfupi unanitakia nini. Akairudisha kwenye kioo. Safari nzima na yeye akaenda kichwa wazi, maana kipo kimoja na abiria kakikataa. Hiyo picha nalala nayo. Tena dawa yake ni ndogo mno: beba mtandio au kofia ya nailoni kwenye mkoba, vaa kwanza, halafu elementi juu. Mba haiingii, nywele hazilali.

La nne: "Elementi haizuii kifo." Hili ndilo lenye akili kidogo. Ni kweli, haizuii ajali, haizuii spidi, haizuii gongo. Lakini kuna tafiti nyingi zilikusanywa pamoja zikapigiwa hesabu: elementi inapunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa kama asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kazi yake sio uchawi. Gamba la nje linasambaza kishindo kisipige sehemu moja, na lile povu gumu la ndani linabonyea badala ya ubongo wako. Ndio maana ile kofia ya mafundi ujenzi mnayovaa ni mapambo tu. Ndio maana usipofunga mkanda wa kidevuni umevaa bakuli. Na ndio maana elementi ikishapiga chini kwenye ajali ya maana, imemaliza kazi, nunua nyingine.

Na kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa mastaa, ngoja niwape ya mastaa wa mbele. Kuna mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson. Machi 2009 alikwenda Canada kujifunza skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Akaanguka kwenye mteremko wa wanaoanza, mteremko wa kitoto. Hakuwa amevaa elementi. Akainuka, akacheka, akasema yuko salama, hataki daktari. Baadaye kichwa kikaanza kuuma. Siku mbili baadaye alikuwa marehemu, miaka 45. Damu ilivuja kati ya fuvu na ubongo, ikaukandamiza ubongo polepole wakati yeye anaongea vizuri tu.

Umeisoma hiyo? Rudi juu usome tena ya mshikaji wetu. Huyu theluji, yule vumbi. Neno lile lile: niko poa.

Na kuna Michael Schumacher, bingwa wa dunia wa Formula 1 mara saba. Desemba 29, 2013 aliangukia mwamba akiwa kwenye skii Ufaransa. Yeye alivaa. Aliumia vibaya sana, ndio, lakini daktari aliyemhudumia alisema bila ile elementi asingefika hospitali. Hao ni watu wenye hela zao. Sisi kutoka Nachingwea mpaka MOI pale Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500. Kwa umbali huo, daktari wa kwanza wa kichwa chako ni hiyo kofia inayoning'inia kwenye kioo.

Tuseme ukweli, wadau. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973 na inamtaka mwendesha pikipiki avae. Sisi tunamvalia trafiki. Ukikaribia anaposimama unaishusha kichwani, ukimpita unairudisha kwenye kioo. Mwaka 2021 bajeti ilishusha faini ya bodaboda kutoka elfu 30 mpaka elfu 10, tukashangilia. Sasa elementi ya maana inazidi elfu 10 kwa mbali, kwa hiyo mtu anapiga hesabu anaona bora faini. Hiyo hesabu haina mama yako ndani yake.

Msimu wa korosho ukifika, watu watanunua Boxer na TVS mpya. Nailoni ya kwenye tenki haibanduliwi mwezi mzima, rangi isichubuke. Simu ya laki tatu inawekewa kava na protekta kabla haijatoka dukani. Kichwa cha kusomesha watoto wanne kinakwenda uchi.

Nawaomba matatu. Viongozi wa vijiwe: kabla ya rambirambi, changeni elementi, asiye nazo mbili asipakie abiria. Abiria mwenzangu: ukipewa, vaa, na asipokupa, ulizia. Na wote: mtu akipiga kichwa chini akasema yuko poa, msimuachie akalale peke yake. Kichwa kikimuuma kinazidi, akitapika, akisinzia ovyo, mkimbizeni hospitali usiku huo huo.

Na wewe staa wangu jina kapuni, arobaini inakuja. Najua msafara utakuwepo. Njoo mbele tena, ila njoo umevaa. Klipu hiyo nitaiweka hapa mimi mwenyewe, juu kabisa.

Pumzika, kaka. Ile elementi ungenilazimisha tu.

Haya, uwanja ni wenu. Matusi nitayasoma, ila anzeni kwa kuniambia: leo umepanda pikipiki, kichwani ulikuwa na nini?