Hakuna Marefu Yasiyo na Ncha

Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwananchi akiombwa na Serikali yake avumilie jambo zito kwa ajili ya usalama wa wote, huvumilia. Lakini anayeombwa kuvumilia ana haki ya kuonyeshwa ncha iko wapi. Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo kwa ndugu zetu wa visiwani, Ukerewe, Ukara, Rukuba na vinginevyo, na kwa viongozi wote waliopewa dhamana ya kutoa amri wakati wa maradhi ya kuambukiza.

Tunaandika kutoka Nkende, kata iliyomo katika mji wa Tarime, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Sirari. Kwa Mkurya mpaka ule ni mstari wa ramani kuliko mstari wa maisha. Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe wapo upande huu na wapo upande ule. Mtu huoza binti Kenya, huuza mahindi Kenya, na huzika ndugu yake Kenya. Kwa hiyo tarehe 16 Mei, 2020, Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku watu kuvuka mpaka wake na Tanzania, ikaruhusu magari ya mizigo peke yake na madereva wake wapimwe korona, pigo lile halikuishia kwenye vitabu vya forodha. Liliingia majumbani.

Wakati huo huo, huku kwetu watoto walikuwa nyumbani tangu shule zilipofungwa tarehe 17 Machi. Swali lililosikika sokoni, msikitini, kanisani na kwenye vijiwe vya kahawa lilikuwa moja tu: lini? Shule lini, mpaka lini, harusi lini, matanga ya kawaida lini? Hatukusikia watu wengi wakibisha kwamba ugonjwa upo. Walichokuwa wakilalamikia ni kufungiwa ndani ya muda usiokuwa na kipimo.

Swali la shule lilipata jibu. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yote tarehe 29 Juni. Swali la mpaka lilikawia. Muda ulipofika ukingoni uliongezwa, nao wananchi wakazoea kusikia tarehe kama wanavyosikia ahadi ya mdaiwa. Ndugu zetu wa Kenya wenyewe wanaijua hali hiyo vizuri zaidi, kwani amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi, 2020, iliongezwa na kuongezwa tena mpaka ilipofutwa tarehe 20 Oktoba, 2021. Yalikuwa yamepita karibu miezi 19.

Hatuisimulii habari hiyo ili tumlaumu jirani. Serikali yoyote ina wajibu wa kulinda watu wake. Tena haki inatutaka tujitazame sisi wenyewe kwanza. Tangu mwanzoni mwa Mei, 2020, nchi yetu iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa. Jirani asiyejua hali ya nyumba ya pili atafungua mlango wake kwa kipimo gani? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tulijisahihisha baadaye: mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai mwaka huo akachanjwa hadharani. Kujisahihisha si aibu. Ni mila ya Chama chetu tangu enzi za TANU, na Mwongozo wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa anaowaongoza. Na iko dharau gani kubwa kuliko kumwambia mtu mzima "subiri" bila kumwambia anasubiri nini?

Sasa tugeukie visiwani, kwa sababu huko neno "subiri" lina uzito wa pekee. Mtu wa bara akifungiwa barabara moja hutafuta nyingine. Mtu wa Ukerewe anayekwenda Bunda anakitegemea kivuko cha Rugezi na Kisorya. Mwalo ukifungwa, kwa kipindupindu au kwa sababu nyingine yoyote, umefunga soko, zahanati na nauli ya mtoto wa shule kwa mkupuo mmoja.

Liko na jambo lingine ambalo afisa aliyekulia bara huenda halijui. Mvuvi wa dagaa hahesabu siku kwa kalenda ya ofisini; huzihesabu kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mvuvi hupumzika na kushona nyavu. Amri ya "siku chache" ikiangukia mwanzo wa giza imemla mapato ya mwezi mzima, na ikiangukia mbalamwezi huenda isimdhuru hata kidogo. Mvuvi huyo akiuliza lini, asidhaniwe kuwa mkaidi. Anauliza kama anunue mafuta ya taa na mashine au asinunue, kama amlipe mwenye mtumbwi au amwombe subira, kama mama anayeanika dagaa mchangani akope au asikope. Na dagaa hao ndio wanaopita Tarime wakielekea Sirari. Hivyo swali la kisiwani na swali la Nkende ni swali moja.

Wazee wa visiwani wanakumbuka pia kwamba hii si mara ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea katika Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Viwanda vya minofu kandokando ya Ziwa vilipunguza kazi, na bei ya sangara mwaloni ikaporomoka. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri ndani ya samaki wa namna hiyo ni ndogo mno. Hata hivyo marufuku yale hayakuondolewa mpaka katikati ya mwaka 1998. Tulilalamika wakati ule, na tulikuwa na haki. Tulisema tuonyeshwe ushahidi, tuambiwe masharti, tuambiwe lini. Basi tusiwatendee wavuvi wetu jambo ambalo sisi wenyewe tulilikataa tulipotendewa na wakubwa wa Ulaya.

Wako watakaosema kwamba ugonjwa hauna saa, na kwamba kiongozi hawezi kuahidi asichokijua. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya korona tarehe 30 Januari, 2020, na halikuiondoa mpaka tarehe 5 Mei, 2023. Hakuna mwanadamu ambaye mwaka ule wa kwanza angeweza kuitaja siku ile ya mwisho. Lakini kutojua tarehe ni jambo moja, na kutokuwa na kipimo ni jambo lingine.

Tuchukue mfano wa hapa hapa katika Kanda ya Ziwa. Ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera mwezi Machi, 2023, na ulipoingia tena Biharamulo mwezi Januari, 2025, haikujulikana utakwisha tarehe ngapi. Kipimo, hata hivyo, kilijulikana tangu siku ya kwanza. Mtu aliyeambukizwa huweza kukaa hadi siku 21 kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo huhesabiwa mara mbili ya siku hizo, yaani siku 42, bila mgonjwa mpya, ndipo hutangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Ule wa Kagera ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, 2023, na ule wa Biharamulo tarehe 13 Machi, 2025. Hesabu ya namna hiyo mwananchi wa kawaida anaiweza. Anajua kwamba akimficha mgonjwa, hesabu inarudi mwanzo kwa wote. Akimpeleka hospitali, siku zinasogea. Kipimo kikiwa wazi, mwananchi anakuwa mshiriki wa kazi, naye haoni tena kwamba anaburutwa.

Hata waliokaa chuoni utotoni wanalijua jambo hili. Mfungaji wa Ramadhani huvumilia njaa na kiu kutwa nzima wala halalamiki, kwa kuwa anajua magharibi ipo. Eda ya mjane ina miezi minne na siku kumi. Sheria ya dini yenyewe, iliyo nzito kuliko amri ya mkuu yeyote, haikumwacha mtu akining'inia katika zuio lisilojulikana mwisho wake. Na katika ritongo, kikao cha Wakurya, wazee hulisema jambo mbele ya watu wakalisikia wote. Seuze sisi, tunaoongoza kwa kura za wananchi?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kila amri ya kuzuia watu, mifugo au bidhaa kwa ajili ya maradhi itolewe ikiwa na mambo manne.

Kwanza, iseme sababu yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ibandikwe penye watu: kwenye ofisi ya kata, mwaloni, sokoni na penye kivuko.

Pili, itaje kipimo cha kuifungulia. Iseme ni siku ngapi bila mgonjwa, au ni visima vingapi vitiwe dawa, au ni vyoo vingapi vijengwe.

Tatu, itaje siku ambayo kiongozi atarudi mbele ya wananchi kueleza hali ilivyo. Siku hiyo akiwa hana jibu, aje aseme kwamba hana, na ataje siku nyingine. "Hatujui bado, tutaonana Jumatatu" ni jibu la heshima. Kinachomvunja mtu moyo ni kimya.

Nne, amri ifutwe kwa sauti ile ile iliyoitangaza. Zipo amri nyingi ambazo hutangazwa kwa gari la vipaza sauti, na siku ya kufutwa hakuna anayesikia neno. Hapo ndipo mgambo asiye mwaminifu hupata riziki haramu, akiendelea kumtoza mama muuza ndizi kwa kosa ambalo si kosa tena.

Wananchi nasi hatuna budi kutimiza wajibu wetu. Anayevusha watu usiku kwa mtumbwi ili kukwepa upimaji, au anayepita njia za panya kule Sirari akiwa na homa, hasaidii kuharakisha siku ya kufunguliwa, anaisogeza mbele. Anayeeneza uvumi kwamba dawa ya maji ni sumu anawatia ndugu zake kaburini. Maji yachemshwe, mikono ioshwe, mgonjwa asifichwe. Haki ya kuuliza lini inakwenda pamoja na wajibu wa kufanya siku hiyo ifike.

Maradhi mengine yatakuja; Ziwa letu lina bandari nyingi na mpaka wetu una njia nyingi. Siku hiyo ikifika, viongozi watahitaji kuaminiwa na watu wao kabla hata ya kuhitaji dawa. Imani hiyo haipatikani siku ya msiba. Huwekwa akiba wakati wa salama, kwa kila amri inayotolewa na sababu yake, na kwa kila amri inayofutwa hadharani. Tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu na wakuu wa wilaya zote zinazopakana na Ziwa wazipitie leo amri walizonazo mezani, na kila moja waiulize swali lile lile linaloulizwa na mvuvi wa Ukara na muuza ndizi wa Nkende. Amri isiyoweza kujibu lini, wala kwa kipimo gani, irudishwe ikaandikwe upya.