Mvua ya Mwaka Haingojwi kwa Mikono Mitupu

Mwezi huu kaskazi bado yavuma hapa Kakuyuni. Jua ni kali, udongo umepasuka, mbuzi wanasimama kwa miguu ya nyuma ili wayafikie majani ya juu, na kila akutanaye na mwenzake njiani huuliza swali lile lile: Mvua ya mwaka itafika lini? Mmoja hutazama mawingu upande wa baharini, mwingine hutaja aliyoyasikia katika redio. Tukiisha kuulizana hivyo, wengi wetu hurudi kuketi chini ya mwembe. Naandika maneno haya kwa ajili ya huko kuketi.

Mimi si bwana shamba. Ni karani tu katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Lakini karani aketiye karibu na mlango huona mengi. Mwezi wa Februari waingiao mlangoni ni wachache. Mvua ikinyesha usiku mmoja wa Aprili, asubuhi yake watu wamejaa mpaka uani. Huyu ataka mbegu, huyu ataka kujua habari za samadi, huyu auliza miche ya miembe. Wote wana haki ya kuuliza, wala hakuna wa kuchekwa. Ila mambo wayaulizayo Aprili yalikuwa mambo ya Februari. Maoni yangu ni haya: bustani ya nyumbani hufaulu au huharibika kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Mvua zetu ndefu huanza mwishoni mwa Machi au katika Aprili, kaskazi ikiisha na kusi ikianza kuvuma, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote. Wazee wa pwani walizihesabu siku zao kumi kumi kuanzia Nairuzi, nao walijua ni mwongo gani wa kufyeka na ni upi wa kupanda. Hawakungoja wingu liwaamshe. Hata manahodha waliokuja na kaskazi hawakulala bandarini wakingoja upepo ugeuke. Walikalafati vyombo na kushona matanga, ili kusi itakapovuma chombo kiwe tayari kuondoka. Na huko Ulaya, Februari bustani huwa zimefunikwa na baridi, pengine na theluji, wala jembe haliingii katika ardhi. Hata hivyo mwenye bustani hupanda mbegu za nyanya katika visanduku, akaviweka ndani ya nyumba karibu na dirisha penye mwanga, ili baridi ikiondoka awe na miche. Kama yeye ana kazi katika theluji, sisi wenye jua tutajitetea kwa neno gani?

Jambo la kwanza ni mbegu. Hapa nasema kwa uangalifu, kwa kuwa najua Februari ni mwezi gani katika nyumba nyingi. Akiba ya vuli imekwisha au inakwisha, watoto wamerudi shule na mahitaji yao, na juu ya uchaga wa jikoni yamebaki yale mahindi machache yaliyochaguliwa kuwa mbegu. Mama wa nyumba huyatazama kila anapopika. Siwezi kumwambia mama asiwalishe wanawe. Lakini tufanye hesabu pamoja, kama tulivyofanya darasani.

Ekari 1 ya mahindi yataka mbegu kama kilo 10. Bustani ya robo ekari, basi, yataka kilo 2 na nusu. Mahindi hayo yakisagwa ni ugali wa siku moja au mbili kwa nyumba ya watu 6, na njaa itarudi siku ya tatu. Yakipandwa, hata kama mwaka si mzuri na robo ekari ikatoa gunia 1 tu la kilo 90, kila kilo moja ya mbegu imerudisha kilo 36. Yeyote auzaye au alaye mbegu hiyo hauzi kilo 2 na nusu, auza gunia. Heri kuuza kuku mmoja, au kukopa unga kwa jirani, kuliko kuteremsha mbegu kutoka ugani mwa moto.

Wengine husema, "Mbegu za msaada zitakuja." Huenda zikaja. Lakini lori laweza kukwama barabarani, na mvua haingoji lori. Kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za nchi kavu za Kenya na nchi jirani. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja kwa mafuriko. Katika miaka kama hiyo, mwenye mbegu yake nyumbani ndiye awezaye kupanda siku inayofaa.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya mbegu huoza, na dumuzi huitoboa. Basi ijaribuni mapema. Hesabu punje 20, uzifunge katika kitambaa kilicholowa, ukiweke kivulini na kukinyunyizia maji kila siku. Baada ya siku 7 fungua uhesabu. Zikiwa zimeota 16 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 10 tu, umejua mapema kwamba yakupasa kutafuta nyingine au kuongeza punje katika kila shimo. Kujua jambo hili Februari ni faida. Kulijua mwishoni mwa Aprili, mistari ikiwa mitupu, ni msiba. Tena kumbukeni tofauti: mahindi yetu ya asili, na yale ya Coast Composite, mwaweza kuchagua magunzi mazuri na kupanda tena. Lakini mahindi chotara kama Pwani Hybrid, punje za mavuno yake zikipandwa tena nguvu hupungua. Hayo hununuliwa mbegu mpya kila msimu.

Jambo la pili ni samadi. Samadi ya mbuzi ikitolewa zizini na kumwagwa mbichi juu ya miche huiunguza. Yataka kulundikwa pamoja na majani makavu, kutiwa maji kidogo, kufunikwa na kugeuzwa, nayo huchukua miezi 2 au 3 hata kuiva. Aliyeanza Januari atakuwa nayo kwa mvua. Aliyechelewa aanze leo, itamfaa kwa mboga za Mei. Na yale majani tuyafagiayo na kuyachoma kila jioni, kwa nini tuyachome? Moshi haujamlisha mtu. Yatandazeni shambani yafunike udongo, jua lisinyonye unyevu wote.

Jambo la tatu ni kitalu. Nyanya, biringanya na pilipili hukaa kitaluni wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuhamishwa. Hesabu nyuma kutoka katikati ya Aprili, utaona kwamba siku ya kusia mbegu ni mwanzo wa Machi, jua likali hivi hivi. Mtasema maji hakuna. Kweli maji ni taabu, na mtungi wa lita 20 hubebwa kutoka mbali. Lakini kitalu cha nyumbani si shamba. Kitalu cha hatua 1 kwa hatua 2, kilichofunikwa kwa makuti, hutosheka na maji yaliyooshea mboga na vyombo visivyo na sabuni nyingi, yakinyunyizwa asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa. Mchicha, kunde na bamia havihitaji kitalu. Hivyo vitapandwa hapo hapo bustanini.

Yuko atakaye kupanda mwembe, wa ngowe au wa apple? Achimbe shimo sasa, sentimita 60 kila upande, audongo wa juu auweke kando yake, achanganye na samadi iliyoiva. Shimo lililochimbwa siku ya mvua huchimbwa kwa haraka na huwa fupi. Na mwenye paa la bati asafishe mifereji yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 30, mvua ikinyesha milimita 20, lapokea lita 600. Hata zikipotea lita 100 na zaidi, ni mitungi zaidi ya 20 ambayo mama hatakwenda kuiteka.

Sasa jambo la mwisho, nalo ni la kuzuia mkono. Mwaka wa kwanza nilipopewa kipande cha shamba na baba mkubwa, mvua ilinyesha usiku mara mbili mwanzoni mwa Machi. Harufu ya udongo ilinilevya. Nilijiona msomi, nikapanda mbegu zote nilizokuwa nazo kwa siku moja. Bibi mmoja jirani alipita na jembe lake begani. Alichimba mara moja pembeni mwa shamba langu, akaokota udongo, akasema, "Mwanangu, hii imelowesha vumbi tu." Nikamshukuru kwa adabu, nikaendelea. Mahindi yaliota yakatoa majani mawili, kisha jua likawaka wiki tatu. Yote yalikauka. Mvua ya kweli ilipofika Aprili, bibi yule alikuwa akipanda, nami nilikuwa mlangoni pake nikiomba mbegu. Alinipa bila kunikumbusha neno lolote, na kule kunyamaza kwake kulinifundisha kuliko vitabu.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili si mvua yenyewe. Baada ya mvua za kwanza chimba. Unyevu ukiwa umeshuka sentimita 15 mpaka 20, yaani karibu urefu wa bamba la jembe, na mawingu yakiendelea, panda. Ukiwa juu juu tu, ngoja. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa maelezo ya mvua za Machi, Aprili na Mei kabla ya msimu. Yasikilizeni redioni, kisha mlinganishe na udongo wenu. Wala msipande mbegu zote mara moja. Theluthi mbili zitiwe ardhini, theluthi moja ibaki ugani. Mvua ikikatika, una mbegu ya kurudia. Ikiendelea vizuri, utazibia mapengo yaliyoachwa na ndege na panya.

Najua wapo watakaosema kwamba mvua ni ya Mungu, na mtu aweza kufanya yote haya mvua isije. Ni kweli. Hakuna karani wala bwana shamba awezaye kuandika mvua katika daftari. Lakini kuna hasara mbili, ndugu zangu. Moja ni kukosa mvua, nayo hatuiwezi. Ya pili ni kupata mvua nayo ikatukuta hatuna mbegu, hatuna miche, hatuna samadi, ikatiririka mbele ya macho yetu mpaka Sabaki na kuingia baharini. Hii ya pili ni yetu wenyewe.

Basi jioni ya leo, jua likipoa, ondoka chini ya mwembe. Panda uchagani, teremsha punje 20, utafute kitambaa. Anza hapo. Na ukiwa na neno la kuuliza, njoo ofisini wiki hii. Mlango u wazi, na utanikuta sina foleni.

Wasalaam,
Karani wa Kilimo, Kakuyuni