Nani Aliyeilipia Reli ya Marekani?

Wapo wasomi miongoni mwetu ambao, kila wasikiapo neno "mpango wa Serikali", hunyosha kidole kuelekea Marekani. Tazameni, husema, reli iliyoziunganisha bahari mbili ilijengwa na watu binafsi, wala Serikali haikutia mkono. Huo ni uongo, na mwalimu aufundishaye darasani anawapotosha watoto wetu.

Kwamba reli iliigeuza nchi ile, hatubishi. Kabla ya tarehe 10 Mei, 1869, msafiri wa kutoka New York kwenda California alitaabika kwa wiki nyingi, pengine miezi; baada ya hapo alifika kwa muda wa wiki moja hivi. Ilipofika miaka ya 1880, nyama iliyochinjwa Chicago ilifika miji ya mashariki ikiwa mbichi, ndani ya mabehewa ya barafu. Viwanda vya chuma navyo vilinenepa kwa kufua vyuma vya reli. Hata saa za nchi nzima zilipangwa upya na makampuni ya reli, mwaka 1883!

Lakini nani aliyelipa? Sheria aliyoitia sahihi Rais Lincoln mwaka 1862 iliyapa makampuni ya Union Pacific na Central Pacific ardhi ya bure kandokando ya njia, pamoja na mkopo wa Serikali wa dola 16,000 hadi 48,000 kwa kila maili. (Mkopo ulikuja kulipwa, ni kweli, lakini baada ya miaka thelathini hivi.) Wenyeji wa asili wa ardhi hiyo hawakuulizwa. Wakubwa wa Union Pacific wakajipa wenyewe kandarasi kwa bei ya kuruka kupitia kampuni yao ya Crédit Mobilier, na wabunge wakauziwa hisa zake kwa bei ya chee. Aibu hiyo ilifichuka mwaka 1872.

Na jasho? Juni 1867, maelfu ya Wachina waliokuwa wakipasua miamba ya Sierra Nevada waliweka zana chini, wakidai nyongeza ya mshahara na kupunguziwa saa za kazi. Central Pacific iliwakatia chakula mpaka wakarudi kazini. Mwaka 1882 sheria ikapitishwa kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie tena.

Mwaka 1877, makampuni ya reli yalipopunguza mishahara na wafanyakazi wakagoma, Serikali hiyo isiyotia mkono ilituma wanajeshi.