Mvua ya Agosti Haina Jina: Istilahi za Majira Katika Bonde la Ufa la Kati

Mfasiri anayekutana na habari ya hewa baridi inayoshuka kutoka kaskazini mwa Ulaya mwezi wa Oktoba, ikaleta mvua ya siku mbili kisha ikaacha ubaridi wa kuvaliwa makoti, aghalabu huandika neno moja bila kusita: vuli. Akikutana na theluji ya Januari, huandika kipupwe. Kazi imekwisha. Msomaji aliyeko Lamu au Makunduchi hubaki akistaajabu imekuwaje vuli, ambayo kwake ni mvua inayonyesha wakati joto linaongezeka, ikageuka kuwa msimu wa majani kukauka. Kipupwe nacho, ambacho yeye hukijua kuwa ni ubaridi wa kusi kati ya Juni na Agosti, kimehamishiwa mwezi ambao pwani watu hulala milango wazi kwa joto la kaskazi.

Asili ya mkanganyiko huu si fumbo. Miezi ya vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, hukaribiana na miezi ambayo miti ya Ulaya hupukutika, na kalenda ikachukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha. Kumbe mambo yenyewe hayafanani hata chembe. Huko kaskazini jua linaondoka, na mvua huletwa na mgongano wa hewa baridi ya ncha ya dunia na hewa ya joto. Huku Afrika Mashariki jua ndilo kwanza linavuka ikweta kwenda kusini, na ule ukanda wa makutano ya pepo unalifuata pamoja na mawingu yake. Anayetaka kuiona tofauti hii kwa macho na autembelee mji wa Nakuru mwezi wa Oktoba: mijakaranda haipukutishi chochote ila maua yake ya zambarau.

Hata hivyo, kuwalaumu wafasiri peke yao ni kutowatendea haki. Msamiati wa majira uliomo katika Kiswahili sanifu ni msamiati wa mabaharia na wakulima wa visiwani. Kusi na kaskazi ni pepo kabla ya kuwa misimu. Demani ni ule utulivu wa mwishoni mwa kusi. Neno majira lenyewe, katika kinywa cha nahodha, ni mwelekeo wa chombo baharini. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka wa 1928, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka wa 1930, kilichosanifishwa hakikuwa sarufi na tahajia tu. Anga ya Unguja nayo ilisanifishwa, ikaingia katika kamusi, na kutoka kwenye kamusi ikaingia madarasani Molo na Subukia, mahali ambapo hakuna aliyewahi kungoja kaskazi ili atweke tanga.

Nakuru ipo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi ukuta wa Mau hupanda hadi kukaribia mita 3,000, na upande wa kaskazini Menengai huuinamia mji kama mlinzi. Katika ardhi ya namna hii mvua haifuati mgawanyo wa sehemu mbili unaofundishwa shuleni. Huja kwanza Aprili na Mei. Hupungua Juni, mawingu yakatanda na ubaridi ukaingia. Kisha, wakati ambapo Nairobi na Machakos hupata manyunyu tu, Nakuru hupata mvua ya pili mwezi wa Agosti, mvua ya alasiri yenye radi na mara nyingine mvua ya mawe, inayotokana na hewa yenye unyevu kutoka upande wa magharibi, Kongo na Ziwa Viktoria. Ya tatu hunyesha Oktoba na Novemba. Vilele vitatu, basi. Na msamiati wa darasani una majina mawili, masika na vuli. Mvua ya Agosti haina jina. Mtangazaji wa redio huiita mvua isiyo ya msimu, jambo linaloshangaza kidogo, maadamu mvua hiyo haikosi kutarajiwa kila mwaka.

Huenda msomaji akauliza kuna hasara gani. Hasara ipo shambani. Katika nyanda za juu za Njoro, Molo na Kuresoi, mahindi hupandwa Machi na Aprili, na kwa sababu ya ubaridi hukomaa polepole hadi yavunwe kuanzia Oktoba. Kwa mkulima wa Kitui, habari kwamba vuli itakuwa nzuri ni habari ya kupanda. Mvua hiyo ndiyo tegemeo lake kuu. Kwa mkulima wa Njoro, habari ile ile, kwa neno lile lile, ni onyo. Ina maana kwamba mahindi yatanyeshewa yakiwa mabuani, na nafaka ikihifadhiwa na unyevu, ukungu huingia na sumukuvu ikafuata. Nchi ya Kenya haihitaji kufundishwa upya maana ya sumukuvu: mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika mlipuko uliozikumba hasa Makueni na Kitui. Neno moja linalobeba heri upande mmja wa nchi na shari upande mwingine si neno baya, lakini halifai kutangazwa peke yake, bila kauli ya kueleza litamfanya nini nani.

Neno kiangazi lina mtego mkubwa zaidi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kiangazi ni wakati wa jua na joto, na kipupwe ni wakati wa baridi. Mkulima wa viazi wa Kinangop, au mchuma chai wa Kericho, atashangaa kusikia hivyo. Sakitu, ile inayounguza majani usiku mmoja yakaamka meusi, haiji sana katika mawingu ya Juni na Julai, kwa kuwa mawingu huizuia ardhi kupoteza joto lake. Huja Januari na Februari, usiku mkavu usio na wingu, katikati ya kiangazi chenyewe. Pareto kwa upande wake huutaka ubaridi wa nyanda za juu ili ichanue vizuri. Kwa hiyo baridi ya huko si moja: ipo baridi ya mawingu, ipo baridi ya anga tupu, na ya kwanza ni rafiki wa mimea ambayo ya pili huiua. Wazee wa mashambani hawazichanganyi kamwe. Lugha inayotumiwa kuwaonya ndiyo inayozichanganya.

Wapo watakaosema kwamba mkulima ana lugha yake ya kwanza na haihitaji Kiswahili kimwambie mvua inakuja lini. Ni kweli kwamba lugha hizo zimejaa. Wakikuyu hutaja mvua ya njahi na mvua ya mwere, wakiuita msimu kwa jina la zao lake, na ule wakati wa baridi na mawingu baada ya njahi wanauita gathano. Wakalenjin hutenga iwotet, wakati wa mvua, na keme, wakati wa ukavu. Lakini Nakuru si kijiji cha kabila moja. Anayeuza mbegu, anayekodisha trekta na anayenunua mahindi mara nyingi hawana lugha ya mama inayofanana, na soko lao ni Kiswahili. Isitoshe, Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, si ya taifa tu. Onyo la serikali likitolewa kwa Kiswahili kisichoeleweka shambani, urasmi huo unabaki wa karatasi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuilika nyuma ya tuta la reli yaliporomoka karibu na Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 45. Si msamiati uliowaua, na itakuwa utovu wa adabu kudai hivyo. Lakini yeyote anayefikiri kwamba namna ya kusema mvua ni jambo la urembo wa lugha na aikumbuke asubuhi ile.

Suluhisho linalopendwa maofisini, yaani kusema mvua ndefu na mvua fupi, ni dhaifu kuliko maradhi. Ni tafsiri ya neno kwa neno ya istilahi za Kiingereza. Haliipi mvua ya Agosti nafasi yoyote, na halimwelezi mkulima chochote ila urefu, ambao nao hubadilika kila mwaka.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kinalo neno. Unguja na Pemba, mvua zinyeshazo katikati ya mwaka, baada ya masika na kabla ya vuli, huitwa mchoo. Neno hilo limo katika kamusi, lakini ni nadra kulisikia katika darasa la bara. Msomi makini atapinga upesi: mchoo wa visiwani ni mvua ndogo inayoletwa na kusi kutoka baharini, ilhali mvua ya Agosti ya Nakuru hutoka magharibi na ina ngurumo. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo masika ya Nakuru nayo si masika ya Zanzibar, na neno lilihamia bara likapanuka bila mtu kulikatalia. Mchoo unaweza kufanya safari hiyo hiyo. Gathano nalo laweza kupokelewa, kama ikulu na bunge zilivyopokelewa kutoka lugha za bara na leo hakuna anayeziona kuwa ngeni.

Kati ya njia hizo mbili, ya kwanza ni nyepesi kwa kamusi na ya pili ni nyepesi kwa mkulima, na haielekei kwamba ofisi yoyote itaamua vyema kabla ya mtu kwenda kuuliza. Kazi hiyo inawafaa wanafunzi wa Kiswahili wa Njoro kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu chuo chao, Egerton, kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na bado kimezungukwa na mashamba. Swali la kwanza la utafiti ni fupi na lina majibu mengi kuliko inavyodhaniwa: mvua inayoyakuta mahindi yakiwa mabuani huitwaje, kwa Kiswahili, na watu wanaoyavuna?