Mwajiri, Sema Unachokitazama

Ndugu zangu mnaofungua kompyuta za ofisi kila asubuhi, nanyi mnaowalipa mishahara, naomba tulizungumze wazi jambo ambalo kazini husemwa kwa minong'ono: nani anaziona tovuti tunazozifungua, na taarifa hizo anazifanyia nini.

Bando ni ghali. Ndiyo maana wengi wetu tukifika kazini tunaunganisha simu na wai-fai ya ofisi kabla hata ya kuketi. Humo tunasoma habari, tunaomba mkopo, tunatafuta shule ya mtoto. Humo pia yupo dada anayetafuta maelezo ya uvimbe alioupapasa kifuani jana usiku, na yupo kijana anayeulizia mahali pa kupima Virusi vya UKIMWI. Mtandao ule ni wa mwajiri, na mitambo yake inaweza kuandika kifaa gani kimekwenda tovuti gani, saa ngapi. Wapo wanaoamini kwamba dirisha la faragha la kivinjari linawaficha. Haliwafichi. Linafuta historia ndani ya kifaa chako tu, ilhali mtandao umekwisha kuona ulikopita. Kwenye kompyuta ya kampuni mambo yanazidi: mafundi wakiweka cheti chao ndani ya mashine, wanaweza kusoma hata kurasa ambazo kwa kawaida husafiri zikiwa zimefungwa. Zipo pia programu zinazopiga picha za skrini kila baada ya muda.

Mwajiri ana sababu za kulinda mali yake. Kiungo kimoja chenye virusi kinaweza kuyafunga mafaili ya kampuni nzima, na benki lazima ihakikishe siri za wateja hazitoki. Lakini mwenye nyumba anayebaki na ufunguo wa akiba hana ruhusa ya kuingia kupekua godoro la mpangaji.

Mpaka huo ulipimwa katika kesi ya Bogdan Bărbulescu, mhandisi wa mauzo nchini Romania. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kuwajibu wateja. Mwaka 2007 alituhumiwa kuitumia kwa mambo yake. Alipokana, aliletewa kurasa 45 za mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake, mengine yakiwa ya afya na ya unyumba. Akafukuzwa kazi. Mahakama za nchini kwake zilimpa haki mwajiri, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ilimkatalia mwanzoni, mwaka 2016. Aliendelea. Tarehe 5 Septemba 2017 jopo kuu la mahakama hiyo lilimpa ushindi kwa kura 11 dhidi ya 6. Alijua kabisa kwamba kampuni imekataza matumizi binafsi. Ila hakuelezwa mapema kwamba atafuatiliwa kiasi gani, wala kwamba maneno yenyewe ya ujumbe wake yangesomwa. Majaji walisema amri za mwajiri haziwezi kuyafuta kabisa maisha binafsi ya mtu kazini.

Hukumu ile haitufungi sisi, lakini sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Kenya ina ibara ya 31 ya Katiba na sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa amweleze mhusika anachokusanya na kwa nini, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Kwa maoni yangu, pengo kubwa liko kwenye mkataba wa ajira: mstari mmoja wa Kiingereza, kampuni itafuatilia mifumo yake yote, unaotiwa sahihi siku ya kwanza na mtu aliyehangaika miaka bila kazi. Sahihi ile siwezi kuiita ridhaa.

Basi waajiri, andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mseme kinachorekodiwa, anayeruhusiwa kukifungua, kinatunzwa kwa muda gani, na jambo gani litawafanya mfungue kumbukumbu za mtu mmoja. Mnapoweza kuzuia tovuti hatari, zizuieni, msisome kurasa za watu. Nanyi vijana wa TEHAMA, ninyi ndio mnaoambiwa kwenye korido, "Hebu nitolee historia ya fulani." Ombeni agizo hilo liandikwe, likiwa na sababu na sahihi. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, lipelekeni suala hili mezani mnapojadili mkataba wa hali bora, pamoja na posho na likizo.

Na wewe mfanyakazi, usifungue barua pepe yako binafsi kwenye mashine ya kampuni, na mambo ya afya yako yatafute kwa bando lako, hata likiwa dogo. Kisha mwandikie afisa rasilimali watu barua fupi, ikiwezekana mtie sahihi wengi, muulize: mnarekodi nini kuhusu sisi, kwa nini, na nani anasoma? Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Ukinyamaziwa, Tume upande wa Tanzania na Kamishna wa Data upande wa Kenya wanapokea malalamiko, na nakala hiyo ndiyo ya kuanzia.